Aliyekula Firigisi

Matulo, Jumapili

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini mguu umepata nafuu, na kwamba Shangazi Nabwile anakulisha vizuri hapo Kitale. Sisi hatujambo. Ningepiga simu, lakini nakujua, ungenikatia katikati ya habari.

Ile mashine yetu ya kukausha mahindi, inayochoma magunzi, imefanya kazi! Tuliijaribu hapa nyumbani Ijumaa huku mvua ikinyesha, na mahindi yakatoka makavu. Mimi niliyeichomelea kwenye karakana ya chuo sikushangaa hata kidogo.

Shida ilikuwa wakubwa. Mhadhiri wangu, Daktari Wangila, alishikilia kwamba mashine ni ya chuo, na lazima ifanyiwe utafiti msimu mwingine. Bwana Gikonyo wa kampuni ya Kitale, iliyotupa vyuma na mota, naye alisema ni yao, iundwe sasa hivi kabla mahindi ya watu hayajaoza tena. Kila upande ulikuwa na mkataba wake, na bila wao kukubaliana mashine ingebaki chini ya turubai. Niliumia sana, Baba.

Siku hiyo ya majaribio wote wawili walikuwa hapa nyumbani, na Mama akawachinjia jogoo. Unajua desturi yetu, firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, na wewe hukuwepo. Wageni wote wawili walinyoosha shingo. Mama akampita Daktari, akampita Bwana Gikonyo, akaiweka kwenye sahani yangu! Akasema amesikia kila mtu akidai mashine, lakini aliyeungua mikono akiitengeneza anamjua.

Bwana Gikonyo akacheka, akamuuliza Daktari kama jina langu limo kwenye mkataba wa chuo. Halikuwemo, wala kwenye ule wa kampuni. Waliona haya kweli. Tulipofika kwenye chai walikuwa wamekubaliana kampuni iunde mashine za kwanza msimu huu, chuo kizipime zikiwa kazini mashambani, na mvumbuzi aandikwe Nakhungu Wabwile. Jana tulitia sahihi.

Sasa nikiri kabla majirani hawajakuambia. Niliila, Baba. Yote, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na ilikuwa tamu.

Msalimie sana Shangazi. Kama umekasirika, pona haraka uje unigombeze mwenyewe. Mama amebakisha jogoo mmoja, na firigisi yake nitakukatia nusu.

Ni mimi binti yako,
Nakhungu