Mkufu wa Mtu Asiye na Mtu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Leo nimeletewa saa nne za mkono, moja ya ukutani. Ya ukutani haina ugonjwa, mende amejenga ndani. Mvua tangu saa nane. Mama Njeri, jirani yangu wa veranda hapa Sotik, amefunika mitumba yake kwa nailoni, akanipitishia chai bila kuniuliza. Nimekunywa. Sikusema asante. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee Arap Chumo amekuja na wanawe wawili, wote na tai. Nikadhani wananialika matangani. Akaweka mezani mkufu wa mawe mekundu kama kahawa iliyoiva. Mzito.

Hadithi yake: zamani za misafara, babu yake aliuvua shingoni mwa mchuuzi aliyekuwa akikata roho njiani. Mchuuzi hakumlaani babu. Alilaani mkufu: kila atakayeuweka atamzika ampendaye. Babu akazika mke. Baba akazika kifungua mimba. Mzee mwenyewe amezika binti, mwezi wa pili.

Mchungaji alisema uchomwe. Mawe hayakuungua. Kuutupa mtoni haiwezekani, ng'ombe za watu wanakunywa huko chini. Kuufukia shambani? "Chai inavuta kila kitu," mzee akasema, "na hiyo chai inaenda kunywewa na watu hata hatujui." Huruma ya kutosha mabara mawili.

Basi wameketi kikao cha ukoo, wakanichagua mimi. "Wewe huna mtu," akasema, kwa heshima kabisa. Kweli. Sina mke, sina mtoto. Mama alinizaa kwenye kambi ya wachuma chai, akafa bila kutaja jina la baba.

Nimeutia kwenye kopo. Siamini laana. Kuchaguliwa ndiko kumeniuma.

Jumanne, 18 Juni
Mama Njeri amefungua kopo akitafuta sukari. Akauvaa. Akajitazama kwenye kioo cha saa.

"Fundi, hii ulinunulia nani?"

"Ni ya mteja."

"Huyo mteja ako na shingo kama yangu?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema laana hiyo ina akili kushinda wanaume wa Sotik, angalau inajua nani anapenda nani. Kisha akauvua, polepole, akanirudishia mkononi badala ya mezani.

Nikarudi kwenye kazi. Nimeharibu saa ya mwalimu mkuu.

Jumatano, 26 Juni
Mama Njeri hajafungua. Nimetazama upande ule hadi shingo inauma.

Alhamisi, 27 Juni
Malaria. Amelazwa hospitalini. Msimu huu wodi imejaa. Hakunitambua. Aliniita kwa jina la marehemu mumewe. Nikaitika.

Ijumaa, 28 Juni
Leo sikufungua kazi. Nimepanda kwa miguu mpaka kwa Arap Chumo, kule juu kwenye chai, kopo kwapani. Nilijiambia naenda kurudisha mali ya watu.

"Tulikupa kwa sababu huna mtu," akasema.

"Sasa niko naye."

Sijawahi kusema neno hilo. Mwenyewe hajalisikia. Limesikiwa na mzee na mbuzi wake.

Hakubisha. Alinyoosha mkono apokee. Wakati huohuo mke wa kitinda mimba wake akatoka jikoni na kibuyu cha mursik, tumbo limemtangulia hatua nzima. Akanimiminia maziwa. "Kunywa, mzee, umetoka mbali."

Nikanywa. Nimerudi na kopo.

Jumatatu, 1 Julai
Homa imeshuka. Daktari anasema ni kwinini. Na mimi nasema ni kwinini. Amekunywa uji, ameuliza nani anamchungia mitumba. Nilisikia haya nikiwa mlangoni. Sikuingia.

Siamini laana. Lakini nimeogopa siku tano, na mtu haogopi asichokiamini. Kupenda ni kama saa ya kutiwa ufunguo: usipoitia kila siku, inasimama yenyewe. Mimi natiwa ufunguo kila asubuhi, pale veranda. Nikimweleza, atacheka. Akicheka, nitabaki.

Jumamosi, 6 Julai
Nimehamia Bomet. Veranda ya bati, karibu na stendi. Kule Sotik nimeacha neno kwamba nimefuata wateja. Si uongo mkubwa, Bomet pia wana saa mbovu. Kopo nimelifukia chini ya sakafu ya chumba changu. Juu yake nalala mimi peke yangu, kwa hivyo hakuna wa kulalamika.

Jumapili, 21 Julai
Kanisani nimekaa nyuma. Mchungaji akasema kila mtu amsalimie jirani yake. Jirani yangu alikuwa nguzo.

Jumanne, 20 Agosti
Mteja kutoka Sotik ameleta saa. Nimemuuliza habari za mvua, za barabara, za bei ya maziwa. Mwisho nikauliza, kama mtu asiyejali, kuhusu yule mama wa mitumba.

Mzima. Amenenepa kidogo. Mahali pangu amekaa fundi wa viatu anayeimba vibaya, na mama anamtukana kila asubuhi.

"Anamtukana aje?"

Akafikiri. "Vile mtu hutukana mtu wake wa nyumbani."

Saa yake ilikuwa na vumbi tu, kazi ya kupuliza mara moja. Nimemwambia aketi, itachukua muda.