Shimo Lililopotea Mwezini

Jumanne, 28 Oktoba
Kazi ya leo: geti moja, vitanda viwili vya chuma. Jicho la kulia linawasha tena. Nilichomea vyuma bila miwani. Mwalimu Barasa wa Buhehe kaleta darubini yake hapa karakanani, mguu wa kuisimamisha umevunjika. Nimeuunga. Kasema niijaribu, nikae nayo mpaka mwisho wa Novemba.

Jua lilipozama nikaielekeza mwezini. Nikachungulia kwa jicho la kushoto. Uwanda wa kijivu, tambarare kama sakafu ya simenti. Ukingoni milima, vilele vina mwanga, chini giza. Na katikati ya uwanda, peke yake, shimo dogo. Duara kamili, nusu limejaa kivuli. Nani alilichimba? Chakula kilipoa.

Ijumaa, 31 Oktoba
Nilimwita mke wangu Apio alione. Hakuna shimo. Palepale pana doa jeupe tu. Apio akasema labda sikuona vizuri, macho ya mafundi wa vyuma yanajulikana.

Naogopa. La kulia lina ukungu siku nyingi, sijamwambia. La kushoto likienda, sina kazi.

Jumatatu, 10 Novemba
Nilikuwa nanyoosha mlango wa pikapu. Taa ikiwa mbele, bati laini kabisa. Nikaisogeza ubavuni, kila kibonyeo kikatoa kivuli.

Nikaweka nyundo chini. Huenda shimo halikuondoka. Siku ya kwanza jua lililipiga kwa ubavu, Ijumaa ile lilikuwa limepanda juu yake. Kama ni hivyo, mwezi mwingine ukiandama na kukaribia nusu, litaonekana tena.

Jumatano, 26 Novemba
Mvua tangu mchana. Mawingu mpaka Tororo. Mwalimu kapiga simu, anaifuata darubini Jumamosi. Nimemgombeza Apio bure.

Alhamisi, 27 Novemba
Jioni mawingu yalifunguka kidogo. Lipo. Shimo lilelile, kivuli chembamba zaidi. Nikamwita Apio. Akainama kwenye darubini.

“Naona shimo,” akasema. “Iko kweli. Sasa jaribu na ile jicho ingine.”

Nikajaribu. Mwanga tu, kama maziwa. Kumbe alijua. Nikamwambia yote.

Jumatatu, 1 Desemba
Tororo, kliniki ya macho, mimi na Apio. La kulia lina kovu, halitarudi kama zamani. La kushoto zima. Tumenunua helmeti ya kuchomea.

Jioni, tuliporudi nyumbani Busia, tulikaa nje. Apio akauliza kama mtu akisimama ndani ya lile shimo, dunia anaiona. Nadhani anaiona.