Nimekuja Kutazama Theluji

Ijumaa, 17 Januari

Tumefika Yunosawa alasiri. Theluji imefunika madirisha ya chini — barabara imekuwa kama mfereji, unapita katikati ya kuta nyeupe. Wifi yangu Yasuko kaanza kupiga picha hata hatujashuka basini vizuri.

Safari kaipanga yeye. Nilipoona jina la mji kwenye tiketi, niliikunja nikaitia mfukoni. Naye akatazama kando.

Mume wangu Tamio, mdogo wake, yuko mji huu. Kiwanda chao kilipofungwa alikuja kupakua theluji mapaani, msimu mmoja tu. Msimu mmoja! Majira ya baridi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Ya pili, sikukuu tu. Sasa kimya.

Jumamosi, 18 Januari

Matembezi kutwa. Maporomoko ya maji yameganda, rangi ya chupa ya kijani. Maandazi ya mvuke yenye maharage matamu, tumeyala tumesimama. Darajani watu wanapanga foleni kupigwa picha. Yasuko kanipiga kadhaa — zote natazama juu.

Kila paa lina mwanaume na koleo, uso umefungwa hadi machoni.

"Wifi, umekuja kutazama theluji au mabega ya waume za watu?"

Nikamwambia natazama barafu inavyoning'inia.

"Barafu siku hizi inavaa koti la bluu?"

Nikacheka. Jioni, kwenye bwawa la maji moto, ndipo nikalia kidogo. Mvuke ukanisitiri.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwona.

Tulikuwa tunakwenda hekaluni. Yasuko katangulia. Yuko juu ya paa, amevaa koti la bluu. Nimemjua hata kabla ya uso — anavyochomeka koleo na kulaza kidevu juu ya mpini. Nikaganda pale chini, skafu hadi puani, kofia hadi kwenye nyusi.

"Mama, sogea hapo! Theluji inashuka."

Mama. Kama anavyomwambia mpita njia yeyote.

Nikasogea. Ikaanguka palepale nilipokuwa nimesimama. Akaendelea na kazi. Sauti ni ileile, inakwaruza kidogo.

Hekaluni nilipiga makofi mawili ya sala, nikainamisha kichwa, sikujua niombe nini.

Wakati wa chakula Yasuko akamdadisi Bibi Orie, mwenye nyumba yetu ya wageni. Yule wa koti la bluu? Mchapakazi, maneno machache. Anaishi peke yake juu ya duka la tofu ya soya. Ana mke huko mjini, lakini husema mkewe hawezi baridi, hataki kumtesa.

Mimi! Mzaliwa wa Aomori! Utotoni tulitokea dirisha la ghorofani kwenda shule, mlango umefukiwa. Tamio anajua hayo vizuri. Basi anamficha nani kwa neno hilo — mimi, au yeye mwenyewe?

Peke yake, kasema Bibi Orie. Neno hilo nimelirudia moyoni mpaka supu imepoa.

Jumatatu, 20 Januari

Basi la asubuhi halijaondoka, barabara inasafishwa. Yasuko kakaa kitandani kwangu, kasema yote. Hakuja kupiga picha.

"Nimechoka kukuona unapika wali wa watu wawili."

Na akinikataa mbele ya watu? nikamuuliza.

"Utakuwa umekataliwa. Sasa hivi hata hilo huna."

Nimeanza kupanga nguo kwenye begi, nikazitoa, nikazipanga tena.

Leo wanapakua theluji paani kwa jirani. Toka dirishani kwangu naona ngazi, naona koti la bluu. Yasuko katoka bila kuniaga, viatu vya watu miguuni, kasimama chini ya ngazi.

"Tamio! Shuka, unywe chai na dada yako!"

Koleo limesimama. Amevua kitambaa usoni. Amekonda. Ndevu zina mvi, sikuzijua. Anacheka — anamcheka dada yake na viatu vile — na mimi huku nacheka naye, mkono mdomoni.

Ameweka mguu kwenye ngazi. Anauliza: "Umekuja na nani?"

Yasuko anageuka, anatazama dirisha langu.