Koki Isiyopondwa

S.L.P. 61,
Kiomboi, Iramba,
Singida.
17 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Sostenes,

Shikamoo. Hamjambo huko Tunduru? Kifua cha Mama Mdogo Selina kimepona? Sisi tu wazima, mtama umeshaingia ndani, alizeti ndiyo tunaipiga. Mama anakohoa kidogo, vumbi tu.

Ningepiga simu, ila habari hii nataka uisome mara mbili. Chuma kimeyeyuka.

Si nilikuambia nilipokuja likizo ya Pasaka, tanuri jipya la Baba limegoma mara mbili? Koki, yale makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, inateketea yote, chuma kinatoka kizito kama uji uliopoa. Baba akaapa likigoma mara ya tatu analibomoa, arudie kufua majembe mpaka azeeke. Niliumia sana. Kuyeyusha chuma ndiyo ndoto yake tangu ujana, wewe unajua.

Likizo hiyo nilimkuta anaiponda koki kwa nyundo iwe kama karanga, vilevile babu alivyowafundisha kuponda mkaa wa kufulia. Nikamwambia huenda kosa liko hapo. Akanijibu kwamba mkaa wa kuponda ndio ulionilipia ada. Na ni kweli.

Lakini nilirudi chuoni na mfuko wa koki yake. Nilichukua mafungu mawili yenye uzito sawa, moja la vipande vidogo, moja la mabonge, nikayaweka kwenye joto moja na kuyapitishia hewa ukaa, ile gesi inayotoka moto unapowaka. Kila dakika kumi nasoma mizani. Gesi ile inaila koki, Baba Mdogo, na inapoila inameza joto. Vidogo vilikuwa vimebaki nusu wakati mabonge hayajapungua hata robo. Kumbe moto wa chini ulikuwa unapandisha gesi, nasi huko juu tunaitafunia chakula kwa kuiponda koki! Na wewe ulinicheka kwamba nimeenda chuo kupima masizi.

Nilipofunga chuo nikaja nyumbani na vipimo vyangu, na Jumamosi hii iliyopita Baba akakubali, kwa shingo upande. Tukatia mabonge ya ukubwa wa ngumi, yeye kakunja mikono. Tulipozibua tundu, chuma kilitiririka chepesi, chekundu, kikajaza kalibu ya gurudumu la mashine ya alizeti ya mteja wetu, Mama Redempta, mpaka kikamwagika. Mama yangu alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa. Mimi nililia, sikufichi.

Jana akaja mteja kutoka Mkalama, amebeba plau iliyovunjika, akamwuliza Baba kama fundi ndiye yeye. Baba akainua nyundo, akanielekezea: "Fundi ni yule pale, mwenye sketi."

Msalimie Mama Mdogo, Chediel na Scola. Bibi Klara anawaombea kila jioni kwa majina yenu yote. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Rebeka