Pua ya Mama

Dada yangu,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Cherehani imetengemaa, mimi bado. Ile pua niliyokwenda kupunguzwa imebonyea, napumua kwa mdomo. Daktari anasema upasuaji wa kwanza hukuta gegedu, ule mfupa laini wa pua, likiwa zima. Wa kurekebisha hukuta makovu, kwa hiyo atakopa gegedu ubavuni, na haahidi kitu. Sisi mafundi tunajua: nguo iliyokatwa fupi hairefuki, hutiwa kiraka.

Anataka picha yangu ya zamani aifuatishe. Nilizichana zote, si unanijua? Basi piga yako, ya upande, unitumie, na usicheke. Pua ya marehemu mama umebaki nayo wewe tu.

Ulisema unakwenda kuipunguza Jumatatu. Kama barua imechelewa, basi tena.

Mdogo wako