Bango la Mama Recheli

Kigwa, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu Gerson,

Hujambo? Sisi wazima, Mama anakula vizuri. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nampa jirani yetu Mwanajuma barua hii akukabidhi mkononi.

Jumatano nilikuja Tabora kuchukua dawa za Mama. Kwenye uzio wa ofisi ya chama chenu nikakuta bango. Mama yetu! Kichwa wazi, gauni limelowa mkojo. Chini mmeandika: "Hajui hata jina lake. Changia." Dereva wa bajaji akasema, "Masikini, bibi kawa kichaa." Nikashindwa kumwambia kwamba ni mama yangu. Hilo ndilo linaloniunguza.

Uliniambia mnapiga picha ya kumbukumbu. Ni kweli Mama anasahau, lakini jina lake analijua. Ni Recheli, mkunga aliyezalisha nusu ya Kigwa, na hakuna mwanamke aliyemwacha bila kumsitiri. Liondoe bango hilo.

Dada yako,
Eustadia

Tabora, 10 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Pole kwa kuuguza. Mimi mzima, ila barua yako imenikosesha raha.

Bango ni la matembezi ya hisani ya tarehe 26, kuchangia wazee wenye maradhi ya kusahau. Mwaka jana tuliweka wazee wanaocheka, watu wakapita tu. Pampasi za Mama na nesi wa kila Jumanne unadhani vinatoka wapi? Mimi ndiye mratibu, nisiposimama imara vitakatika. Tena Mama mwenyewe hatajua. Tafadhali usiniaibishe kazini.

Mdogo wako,
Gerson

Kigwa, 16 Aprili 2025

Gerson,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Hatajua? Jana nesi kaleta boksi la pampasi, ndani mmejaza vipeperushi vya picha ileile. Mama kakiokota kimoja, kakitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu mama anaumwa, mbona wamemwacha hivi? Hana watoto?"

Akavua kanga yake begani, akaifunika ile karatasi, akakaa kando yake hadi chakula cha mchana. Kila aliyeingia alimwambia, "Toka nje, kuna mgonjwa."

Wewe ulikuwa na kanga ngapi za kumfunika siku ile ya picha? Zilikuwa kambani, unaziona.

Eustadia

Tabora, 19 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Nimelishusha bango leo asubuhi, na vipeperushi nimevichoma. Mwenyekiti akafoka, "Nani kakuruhusu?" Nikamwambia, "Mwenye picha." Ameniondoa kwenye uratibu. Matembezi yapo, ila hawana cha kuwaonyesha watu.

Nataka kuja kuomba radhi. Utanipokea?

Gerson

Kigwa, 21 Aprili 2025

Gerson,

Hujambo? Mama kaamka salama, kaimba wimbo wa Pasaka mpaka ubeti wa tatu.

Usidhani bango likishuka na hasira yangu imeshuka. Lakini wagonjwa ni wengi, na pampasi hazijileti. Mwambie mwenyekiti wako tarehe 26 nitakuja kusema mwenyewe: namna ninavyomwogesha, ninavyomtafuta anapotoka, ninavyolia. Wasiotoa kwa hayo, basi.

Siku hiyo wewe utabaki na Mama. Uje Ijumaa nikufundishe.

Radhi usiniombe mimi. Mwombe yeye. Akisahau kabla hujamaliza, anza upya.

Dada yako,
Eustadia