Moto Usiokula Pumba

Mpwa wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Ifakara salama, marahaba. Mama yako hajambo, mpunga tumeshavuna.

Unasema huko chuoni unatengeneza betri kwa pumba za mpunga, ila ukizichoma zinageuka majivu meupe badala ya mkaa mweusi, na umebakiwa na jaribio moja tu. Umemuuliza anayejua.

Ujanani, pale Kiberege, nilichoma matofali kwa rundo kubwa la pumba hata watu wa Sanje, wanaoishi chini ya mlima, wakadhani mlima wao umewahama. Nikawa nachokonoa moto kwa fimbo. Bibi yako, aliyetaka mkaa wa kusugulia sufuria, akaninyang'anya.

"Wewe Kasiani, acha. Moto ukipata hewa unakula. Ukinyimwa, unapika tu."

Akafunika upande mmoja kwa udongo mbichi. Tulipofukua, pumba zilikuwa nyeusi tii, kila ganda na umbo lake.

Basi ziba chombo chako, usichungulie.

Sisi tumezikanyaga pumba hizo maisha yote. Wewe umeona umeme ndani yake. Betri ikikubali, niletee niitie kwenye tochi. Nitawaambia watu nimeitengeneza mimi, wewe ukanisaidia kidogo.

Mjomba wako,
Kasiani